Wanawake wa Ziwa Katika Ghala la Mpunga

Vijana wangu mnaoanza kazi ya makumbusho, mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi hii, na nimeona nianze na gundi.

Zamani hatukuwa na mashine za kuchapa mabango kama mlizonazo ninyi. Tulikata herufi moja moja kwa wembe kwenye karatasi ngumu, tukazipaka rangi, tukazibandika ukutani. Maonyesho ya kwanza niliyoyaleta Kyela yalikuwa madogo, ndani ya darasa tuliloazima, na kichwa chake kilikuwa WANAWAKE NA KAZI. Gundi tuliichanganya Mbeya, kwenye baridi. Joto la Kyela mnalijua. Ilipofika saa sita mchana bati limepata moto, herufi nne za mwanzo zikaachia ukuta zikaangukia nyuma ya meza, na mimi nipo mlangoni napokea wageni, sina habari. Nikawa nashangaa mbona wanaume wanatoka wakicheka na wanawake wanatoka wamenuna. Mzee mmoja akanishika mkono kunipongeza.

"Hapo mmesema kweli, mwanangu," akaniambia. "Wake na kazi. Kesho nitawaleta wa kwangu wasome."

Tangu siku ile sijabandika kitu mahali ambapo gundi yake sijaijaribu kwenye ukuta uleule, mchana uleule wa jua. Ninyi mna stika zinazotoka kwenye mashine, lakini nazo nimeziona zikijikunja. Jaribuni kwanza.

Mimi ni Tupokigwe, mzaliwa wa Ipinda. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtayarishaji wa maonyesho kwenye makumbusho moja kule Mbeya: kupanga vitu, kuandika vibao vya maelezo, kupiga misumari, kufuta vumbi. Aliyenifundisha ni Mzee Ambakisye, fundi seremala wetu, mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Nilipoandika kibao changu cha kwanza nilikijaza ukurasa mzima, nikampelekea kwa furaha. Hakukisoma. Alinipa ndoo ya maji, akaniambia nijitwike, nisimame wima, nikisome kwa sauti. Nikaanza. Shingo ikaanza kuuma.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Katikati, mzee."

"Basi na mgeni wako kafika hapohapo. Mgeni wa makumbusho amesimama, ana mtoto mgongoni au mzigo mkononi. Mwandikie huyo."

Mpaka leo nikiandika kibao nakisoma nimesimama. Kikinichosha, nakata.

Sasa nije kwenye maonyesho ambayo ndiyo mliyotaka kuyasikia, maana wengi wenu mmeyakuta yapo tu, mkadhani yalianza kwa urahisi.

Kwenye jengo letu machifu walikuwa na chumba kizima, mikuki yao na viti vyao. Wanawake walikuwa na ukumbi mwembamba wa kuelekea chooni, wiki moja kila Machi, Siku ya Wanawake ikipita tunabandua. Nilikuwa nasema kila mwaka kwamba haitoshi. Mwaka mmoja mkuu wa idara yetu, Bwana Festo, akakubali. Hakuwa mtu mbaya, Bwana Festo. Alipenda vitu vikae salama, basi. Akasema tufanye maonyesho makubwa ya wanawake wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, tuanze na wafinyanzi wa Kikisi, vyungu vyao tuviweke kwenye makabati ya kioo. Nikatumwa kwenda kuviazima.

Nilipanda boti pale Matema mpaka Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji. Nikamkuta Bibi Sekela, mfinyanzi aliyekuwa anasikilizwa na wenzake wote, amekaa chini anasugua chungu kibichi kwa kokoto laini. Nikamsalimia, "Ugonile, bibi." Akaitikia, kisha akaendelea kwa Kiswahili, kwa sababu Kinyakyusa changu na Kikisi chake vilikuwa vinapishana njiani.

"Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuazima, bibi. Tunataka vyungu vyenu viwekwe makumbusho, Mbeya, watu wavione."

"Viwekwe wapi?"

"Ndani ya kabati la kioo."

Akasugua kidogo. "Nani atavigusa?"

"Hakuna, bibi. Ndiyo kazi ya kioo."

"Sasa atakijuaje chungu bila kukigusa? Mimi nikiwa sokoni, mama akija anakigonga kwa kidole, anasikiliza kinavyolia. Anaingiza mkono ndani. Ananusa. Ndipo anachukua. Huyo mtu wako ataona nini?"

"Ataona uzuri wake."

"Haya, uzuri. Na mimi nitakuwa wapi?"

Nikamwambia tutaandika kwamba vyungu vimefinyangwa na wanawake wa Kikisi.

"Wanawake wa Kikisi ni wengi," akasema, bila ukali wowote. "Mimi nimeuliza, mimi nitakuwa wapi?"

Wenzake waliokuwa wanatwanga udongo wakaacha kutwanga wanisikilize, na mimi nikabaki natazama vidole vyangu. Baadaye wakanipa chakula, wali na usipa, wale dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, na tulipokuwa tunanawa mikono Bibi Sekela akanipa masharti. Kioo kisiwepo. Kila chungu kiandikwe jina la aliyekifinyanga. Wao wenyewe wawepo na udongo wao. Na maonyesho yawe Kyela, kwa sababu Mbeya wajukuu zake hawafiki.

Niliyapeleka masharti yale kwa Bwana Festo. Akavua miwani.

"Dada Tupo, nimekutuma vyungu, umerudi na masharti."

"Ndivyo walivyosema, mkuu."

"Kyela hatuna jengo."

"Nikilipata?"

Akavaa tena miwani. "Ukilipata, fanya. Lakini bila kioo, chungu kikivunjika mbele ya watu, utasimama wewe ueleze."

Nikasema sawa. Nilikuwa na hofu, nisiwadanganye, lakini ilikuwa hofu ile inayokufanya utembee haraka.

Mjini Kyela, karibu na soko, alikuwepo Bi Mwanaidi, mfanyabiashara wa vitenge, kanga na mchele. Babu yake alitoka pwani, yeye amezaliwa palepale, na Kinyakyusa anakisema kuliko mimi. Nyuma ya duka alikuwa na ghala kubwa la mpunga. Mwezi Machi mpunga bado uko shambani na maghala ni matupu, ndani ni peupe kutoka ukuta hadi ukuta kama uwanja. Nilimkuta kaunta akipima kitambaa, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkasi mkononi.

"Ghala nakupa," akasema. "Ila na mama yangu awemo."

Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa ameshafariki. Enzi zake, alasiri wateja wakipungua, alikuwa akifunga mlango wa duka na kuwafundisha wasichana na wanawake wa mjini kusoma na kuandika. Wakulima, wauza samaki, wake wa mahakimu, waliokwenda msikitini na waliokwenda kanisani, wote walikaa chini sakafuni mwa duka lile. Nikauliza picha yake.

"Hakuna. Hakupenda kupigwa picha."

"Kitu chake chochote?"

Akafikiri, kisha akaenda akaufunga mlango wa duka mchana kweupe, tukabaki kwenye kiza na wateja nje wanagonga. Akawasha taa. Upande wa ndani wa mlango ule, mbao zilikuwa nyeupenyeupe. Ilikuwa chaki, imeingia kwenye mishipa ya mbao isitoke tena. Ukisogea karibu unaona a, e, i, o, u, zimeandikwa moja juu ya nyingine, za mkono mzuri na za mikono inayotetemeka.

"Alikuwa hana ubao," Bi Mwanaidi akasema. "Aliandika hapa."

"Nikiuchukua, duka utalifunga na nini?"

"Nitaweka turubai na mlinzi. Ung'oeni."

Mzee Ambakisye alikuwa ameshastaafu, lakini nilipompigia simu alikuja na bisibisi zake kwenye mfuko wa plastiki. Aliung'oa mlango ule kama mtu anayemshusha mgonjwa kitandani. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa chenye maji niufute vumbi. Akaninyang'anya.

"Ukiusafisha, unamfuta yule mama," akasema.

Hilo mlikumbuke kabla hamjashika kitambaa. Si kila uchafu ni uchafu.

Tukawa tunapanga. Akina mama wa Ndandalo na Ipinda walituletea majembe yao, nyungo na vinu, kila kimoja na jina. Akina mama wa Kasumulu waliofungua biashara ya kuvuka mpaka walileta mizani ya kwanza waliyoitumia. Nilitumia pumba za mpunga kufungia vitu vinavyovunjika, zinazidi hata magazeti, na ndani ya ghala tulizipata bure. Chini ya kila mahali pa chungu nikaweka duara la mchanga ndani ya kitambaa kilichoshonwa, ili chungu chenye kitako cha mviringo kikae bila kuyumba. Vibao nikaviandika kwa kuanza na jina la mtu, herufi kubwa. Jina la kitu lilifuata chini yake, dogo.

Kisha mvua ikanyesha kama inavyonyesha kwetu. Siku chache kabla ya ufunguzi, barabara kati ya Ipinda na Matema ikafunikwa na maji. Magari yakarudi. Bwana Festo akanipigia.

"Mgeni rasmi ameshathibitisha. Wafinyanzi hawafiki. Ama tuahirishe, au weka picha zao."

Nikamwomba aningoje kidogo. Nikapiga simu ya mjukuu wa Bibi Sekela, akampa bibi yake.

"Bibi, barabara imejaa maji."

"Nimesikia."

"Mtafanyaje?"

"Maji yako barabarani wiki hii. Huku kwetu yapo kila siku," akasema. "Tutakuja na boti za wavuvi mpaka bandari ya Itungi. Wewe tafuta gari."

Asubuhi ya ufunguzi nilisimama Itungi na Mzee Ambakisye na lori la kuazima. Ziwa lilikuwa limechafuka tangu juzi yake, la rangi ya kijivu. Nilitazama maji mpaka macho yakanichoma. Mzee alikuwa anachonga kijiti. Kisha boti ya kwanza ikatokea, ya pili nyuma yake, na ya tatu, zimejaa nyasi kavu, na katikati ya nyasi mabega mekundu ya vyungu. Wanawake walikuwa wamelowa mpaka kiunoni. Hakuna chungu kilichopasuka. Walivipakia chungu ndani ya chungu, nyasi katikati, midomo chini, kama walivyofundishwa na mama zao wakienda sokoni, na mimi na pumba zangu nikakaa pembeni nijifunze.

Tulipakia lorini. Tulipokaribia mji, Bibi Sekela akagonga paa la lori. Dereva akasimama.

"Tushushe hapa," akasema.

"Bibi, bado kidogo tu tufike," nikamwambia.

"Ndiyo maana. Hatuingii mjini tumekaa kama magunia."

Wakashuka. Wakakamua nguo zao, wakafunga vitenge vikavu walivyovileta ndani ya vyungu, wakaweka kata vichwani, wakajitwika. Mmoja akaanzisha wimbo wa Kikisi wa kutwangia udongo, wengine wakaitikia, wakaanza kutembea katikati ya barabara. Bajaji zikasimama. Mafundi cherehani wakatoka vibarazani. Mama mmoja wa sokoni akaacha nyanya zake akajiunga, akaja mwingine na beseni la samaki kichwani, na mpaka tunafika kwenye ghala sikuwa na uwezo wa kujua nani mfinyanzi na nani mnunuzi. Bi Mwanaidi alikuwa mlangoni, ushungi mweupe. Alimwona Bibi Sekela anakuja mbele, akashika mdomo. Kisha akamsogelea, akamtua chungu yeye mwenyewe kwa mikono yake.

"Ndaga fijo," Bibi Sekela akamwambia. Asante sana.

"Karibu nyumbani, mama."

Mzee Ambakisye alikuwa pembeni yangu. Alitoa penseli sikioni, akairudisha.

Mgeni rasmi alikuja na suti na walinzi wake. Bwana Festo alitembea naye, uso umekaza, anahesabu vyungu kwa macho, maana watu walikuwa wanavigusa. Walivigonga, walivinusa, waliingiza mikono ndani, hasa watoto. Mgeni naye akachukua kimoja, akakigeuza, akasema ni chepesi kuliko alivyodhani, akataka kumpa msaidizi wake. Mikono ikapishana. Chungu kikaanguka kwenye saruji.

Bwana Festo akanitazama, na mimi nikaanza kusogea mbele, maana tulikuwa tumeshakubaliana nani atasimama aeleze. Sikufika. Bibi Sekela alikuwa ameshainua mkono kutoka alipokaa na udongo wake.

"Usishtuke, baba. Njoo huku ukae."

"Samahani sana, bibi," mgeni akasema.

"Samahani haichotewi maji. Vua koti."

Akavua koti. Nilimwona mlinzi akilipokea kama anapokea mtoto mchanga. Mheshimiwa akapiga magoti kwenye mkeka, Bibi Sekela akamwekea donge la udongo, akashika vidole vyake kwa vidole vyake, akamwonyesha jinsi ya kuinua ukuta wa chungu huku kinazunguka kwenye kigae. Ukuta ukapinda. Akaubomoa. "Tena." Ukapinda tena. Watu walianza kucheka, yeye akaanza kucheka, jasho likamtoka mpaka kwenye kola. Alipomaliza kitu chake, kikiwa kimeinama upande kama mtu anayeumwa jino, alisimama akatazama vyungu vyote vilivyokuwa vimepangwa mle ndani, safu kwa safu, na majina juu yake. Alikuwa ameandaa hotuba ndefu. Akaikunja.

"Nilikuja kuwapongeza," akasema. "Sasa najua ninachowapongezea."

Bwana Festo alipiga makofi kuliko mtu yeyote. Jioni alinikuta nafagia vigae vya kile chungu. Akachukua ufagio mwingine. "Yale makabati ya kioo," akasema, "tutayauza kwa wenye maduka ya simu." Na kweli tuliyauza.

Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi siku ile kilikuwa kwenye kona. Mlango wa Bi Zuhura tuliusimamisha ukutani, taa ya pembeni, si ya mbele, maana taa ya pembeni ndiyo inayoinua mikwaruzo ya chaki. Yule mama wa beseni la samaki alisimama pale muda mrefu. Bi Mwanaidi akamwendea. Mama akamwonyesha kwa kidole sehemu ya chini kabisa ya mlango, karibu na bawaba.

"Hapa," akasema. "Nilikuwa mdogo, sikufika juu. Mama yako alinishika mkono nikaandika jina langu hapa."

Waliinama wote wawili wakalitafuta. Jina halikuonekana, zilikuwepo alama tu. Bi Mwanaidi akaenda akaleta chaki dukani, akampa. Mama akalala kifudifudi sakafuni, mtu mzima yule, akaandika jina lake palepale, taratibu, herufi kwa herufi. Sikumzuia. Kitabu cha kanuni za kazi yetu kinasema usimruhusu mgeni aandike kwenye kitu cha maonyesho. Kisomeni, ni kitabu kizuri. Halafu muwe na macho.

Maonyesho yalikuwa ya wiki moja. Yakawa ya mwezi, watu wakazidi. Shule zilikuja kutoka mpaka Kasumulu, na wageni wa Malawi walivuka daraja kuja kuyatazama. Hatimaye mpunga ukaanza kuvunwa, malori ya kwanza ya Ipinda yakasimama nje ya ghala na wapakuzi wakavua mashati. Nikachukua ngazi nianze kubandua.

"Nani kakwambia ubandue?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Mpunga umefika, Bi Mwanaidi."

"Nimeuona. Utabanana upande ule." Akawaita mafundi, wakajenga ukuta wa matofali katikati ya ghala. Upande mmoja mpunga, upande mwingine wanawake. Ndipo mlipo ninyi sasa, na ndiyo maana chumba chenu cha kazi kinanukia mchele mpya kila msimu.

Bado nakwenda pale, nikiitwa na nisipoitwa. Mwaka jana lilikuja kundi la wanafunzi kutoka Ndandalo. Binti mmoja alizunguka vibao vyote, akanifuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi yangu mbona hayumo?"

Nikamuuliza bibi yake alifanya nini. Akanisimulia, kwa haraka, kama aliyeogopa nitamkatiza. Mafuriko yalipokuwa yanachukua mashamba yao, bibi yake, Mama Subilaga, aliwatoa wanawake wa kijiji na majembe wakachimba mfereji wa kupeleka maji mtoni. Wanaume waliwaambia wanapoteza nguvu. Mfereji upo mpaka leo na mpunga wa ukanda ule wote wa Ndandalo unategemea mfereji huo.

Tulikwenda, mimi na wawili kati yenu. Tulitembea kando ya mfereji ule mpaka mwisho. Tulirudi na jembe lake, mpini umelika katikati pale mikono ilipokuwa ikishika. Kibao nimekiandika mimi, cha mwisho kukiandika, na nilikisoma nimesimama.

Siku ya kukifungua Mama Subilaga aliletwa na kijiji chake, buti za mpira miguuni, ametoka shambani. Hajui kusoma, kwa hiyo mjukuu wake alimsomea. Alisikiliza jina lake, akaomba arudiwe. Alirudiwa. Kisha akatazama huku na huku, akauliza kama kuna kiti.

Tukamletea. Akakiweka chini ya jina lake, akakaa, akanyoosha miguu na buti zake, na watu walipokuwa wanapita kusoma, alikuwa anawaitikia salamu.

Alikaa pale mpaka tunafunga.